Ushauri: nataka nakala ya diski nzima inayowasha kompyuta, lakini SSD mpya ni ndogo kidogo

kebo_fupi
Wakuu, salaam. Laptopu ina HDD ya GB 500, zilizotumika ni kama 180, Windows 11. Nina SSD ya GB 480 na kebo ya kuiunganisha kwa USB. Nataka nakala ambayo HDD ikifa leo, naifunga SSD ndani na kazi inaendelea. Nimekopi mafaili yote ya C pamoja na yaliyofichwa, nikaifunga: skrini nyeusi, inadai hakuna kifaa cha kuwashia. Clonezilla (programu ya kunakili diski nzima) nayo imegoma, inasema diski ya kupokea ni ndogo. Nakosea wapi?

Sekta512
Mkuu, kompyuta ya UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za sasa) haiwaki kwa kutafuta folda ya Windows. Inaanzia kwenye patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya FAT32, mara nyingi MB 100, ambayo hutaiona ukifungua This PC. Humo ndimo lilimo faili bootmgfw.efi na BCD, yaani orodha inayoeleza Windows imekaa wapi. Wewe umehamisha vyombo vyote, mlango ukauacha nyumba ya zamani.

Sasa ukubwa. GB 500 Windows huzisoma 465, na 480 huzisoma 447. Utaambiwa upunguze C kwa Disk Management kisha urudie Clonezilla. Haitoshi! Patisheni ya Recovery kwa kawaida iko mkiani, baada ya C. Ukiipunguza C unaacha pengo katikati, mkia unabaki palepale kwenye 465. Ukiweza kupata SSD ya 500 au zaidi, chagua device-device (diski kwenda diski) kwenye Clonezilla na mchezo umeisha.

mke_wa_diskpart
Si lazima abadilishe SSD. DISM, zana iliyomo ndani ya Windows, inakopi mafaili, si sekta (vipande vidogo vya diski), kwa hiyo mradi GB 180 zinaenea, ukubwa wa diski si hoja. Tafuta flashi ya kusakinishia Windows, na diski ya tatu yenye nafasi iliyofomatiwa NTFS. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Ukiwa bado ndani ya Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi:

`manage-bde -off C:`
`reagentc /disable`
`powercfg /h off`

Ya kwanza inaondoa BitLocker, yaani usimbaji wa diski. Usiendelee mpaka `manage-bde -status` ioneshe asilimia 0. Ya pili inarudisha Winre.wim (mfumo wa kurekebisha Windows) ndani ya C ili isipotee na patisheni ya Recovery. Ya tatu ni ili Windows ikizimwa izimike kweli, isiwe imesinzia.

Washa kwa flashi, bonyeza Shift+F10, ingia `diskpart`, andika `list volume`, kisha `exit`. Usiruke hapo, maana herufi hubadilika na C yako inaweza kuitwa D. Tuseme imebaki C na diski ya tatu ni E:

`dism /Capture-Image /ImageFile:E:\nakala.wim /CaptureDir:C:\ /Name:nakala`

Kisha kwenye SSD, ndani ya diskpart:

`list disk`
`select disk 1`
`clean`
`convert gpt`
`create partition efi size=260`
`format quick fs=fat32`
`assign letter=S`
`create partition msr size=16`
`create partition primary`
`format quick fs=ntfs`
`assign letter=W`
`exit`

Namba 1 ni mfano tu, na `clean` haiulizi mara mbili. Angalia ukubwa: 447 ndiyo ya kufuta, 465 usiiguse. Halafu malizia:

`dism /Apply-Image /ImageFile:E:\nakala.wim /Index:1 /ApplyDir:W:\`
`bcdboot W:\Windows /s S: /f UEFI`

Hiyo bcdboot ndiyo inayojenga ule mlango aliousema Sekta512.

Sekta512
Nyongeza. Baadhi ya kebo za USB huionesha diski kwa sekta za baiti 4096 badala ya 512. Ukiigawa kupitia kebo hiyo, kila kitu kitaonekana sawa, ila ukiifunga ndani kompyuta itaiona haina patisheni. Pima kwa `fsutil fsinfo sectorinfo` ukifuatisha herufi ya SSD, usome LogicalBytesPerSector.

kebo_fupi
Nimepima, 4096. Kebo hii ndiyo pekee niliyonayo.

mke_wa_diskpart
Basi hiyo kebo huihitaji. Ukishapata nakala.wim, zima, toa HDD, funga SSD ndani, washa tena kwa flashi na uendelee kuanzia `list disk`. Binafsi ningefanya hivi hata kama kebo ni nzima: HDD ikiwa mezani, hakuna `clean` itakayoifikia.

Jokofu_Tupu
Kabla ya yote pima afya ya HDD kwa CrystalDiskInfo. Kama C5 si sifuri, kuna sekta zisizosomeka, na DISM inaweza kukwama katikati na kosa la kusoma. Hapo anza na ddrescue (programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu), uiokoe kwenye diski kubwa zaidi.

kebo_fupi
C5 ni 0, 05 (sekta zilizokwisha kubadilishwa) nayo 0. Nakala nitaijaribuje, niiache tu kwenye USB niwashe?

mke_wa_diskpart
Hapana, Windows ya kawaida ikiwashwa kutoka USB mara nyingi huanguka kwa kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani imeshindwa kuifikia diski ya kuwashia, na hapo hujui kama nakala ni mbovu au la. Iwashe ikiwa ndani, HDD ikiwa nje. Zikiwepo zote mbili, ya zamani inaweza kunyakua herufi C. Ikiwaka, andika `reagentc /enable`, rudisha BitLocker kama ulikuwa nayo. Ukiirudisha HDD kazini, nayo uifanyie vivyo hivyo.

Nakala.wim usiifute. Mwezi ujao tumia `/Append-Image` badala ya `/Capture-Image` kwenye faili hilohilo: mafaili ambayo hayajabadilika hayahifadhiwi mara ya pili, na siku ya kurejesha unaandika `/Index:2`.