Mjadala: Serikali kulazimika kununua bidhaa za wafungwa, ni sawa?

Wadau, mada hii ikiguswa watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema mfungwa afanye kazi, asile kodi za watu bure. Wapo wanaosema huo ni utumwa, basi. Mimi nataka tuitazame kupitia sheria ya manunuzi ya umma, maana humo ndimo pesa inamopita: je, ni haki sheria imlazimishe afisa wa serikali kununua kwenye kiwanda cha gereza?

Mfano ninaoujua vizuri ni Marekani. Mwaka 1934, chini ya Rais Franklin D. Roosevelt, Bunge la huko liliunda shirika la Federal Prison Industries, ambalo tangu 1977 linafanya biashara kwa jina la UNICOR. Wafungwa wa magereza ya serikali kuu hushona sare za jeshi, huunda samani za ofisi, huunganisha nyaya za vifaa vya umeme. Shirika halipewi fungu la bajeti, linaishi kwa mauzo yake. Na mauzo hayo yaliwekewa ulinzi mkubwa: idara ya serikali kuu ikihitaji kitu kilichomo kwenye orodha ya UNICOR, ilibidi ikinunue huko kwanza, mradi bei isipite bei ya soko.

Jiweke kwenye nafasi ya afisa manunuzi wa miaka ile. Unahitaji viti vya ofisi. Kuna fundi mjini anaweza kuvileta mapema na kwa bei nafuu. Huwezi kumpa kazi hivi hivi. Lazima uombe kibali cha kununua nje, na anayekupa kibali ni UNICOR hao hao. Yaani muuzaji ndiye anayeamua kama mteja aruhusiwe kwenda kwa mshindani!

Wenye viwanda walipiga kelele sana, na sheria ikalegezwa. Desemba 2001 Wizara ya Ulinzi ilitakiwa ifanye kwanza utafiti wa soko: bei, ubora na muda wa kufikisha mzigo. Bidhaa ya UNICOR isipolingana na za wengine, zabuni zinashindanishwa. Baadaye idara za kiraia nazo zikaingia kwenye utaratibu huo. Halafu mwaka 2018 sheria iitwayo First Step Act ikalifungulia shirika wateja wapya, yakiwemo mashirika yasiyo ya faida.

Angalieni sasa. Katika marekebisho yote hayo, walioshughulikiwa ni mnunuzi, mshindani na shirika. Ujira wa anayeshona haukuguswa. Kiwango kinachotajwa na shirika lenyewe ni senti 23 hadi dola 1.15 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kwa wafanyakazi walio nje ya gereza ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Na mfungwa mwenye faini au fidia aliyoamriwa na mahakama hukatwa nusu ya hicho hicho kidogo. Sheria ya 2018 imeagiza asilimia 15 ya malipo itengwe kumsaidia siku akitoka. Jambo jema, lakini asilimia 15 ya senti 23 ni kama senti tatu na nusu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1930 inapiga marufuku kuingiza nchini bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa wa nchi nyingine. Sheria ya 1935 inafanya kosa kusafirisha bidhaa za magereza kutoka jimbo moja hadi jingine kwa biashara, ila ikaiachia mlango serikali yenyewe inaponunua. Waliotunga sheria hizo walielewa fika kwamba kazi ya kulipwa senti humwangusha mfanyakazi wa kawaida. Wakamkataza kila mtu, wakajiruhusu wao.

Msimamo wangu: viwanda vibaki, na hata kipaumbele kwenye zabuni kibaki. Lakini kipaumbele hicho kifungwe na sharti la ujira. Bila ujira wa haki, shirika lipange foleni na wazabuni wengine.

*

Mkuu mleta mada, nakuelewa, ila hesabu zako zinaishia njiani. Gereza si kiwanda cha kawaida. Kazi inasimama kila wanapohesabu wafungwa, zana zinakaguliwa moja moja kabla mtu hajarudi selo, na mfanyakazi uliyemfundisha mwaka mzima anahamishwa au anamaliza kifungo. Ukiongeza mshahara wa dola 7.25 juu ya hayo, bei inapita soko, mnunuzi anakimbia, kiwanda kinafungwa. Aliyekuwa anapata kidogo atapata sifuri, tena akiwa amelala selo mchana kutwa. Utafiti wa Idara ya Magereza ya huko Marekani uliofuatilia watu baada ya kuachiwa uliona waliopitia viwandani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia uhalifu kwa asilimia 24. Faida hiyo utailipia na nini?

*

Nami niongeze, mmemsahau askari. Mwaka 2016 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alitoa taarifa ya kofia za kuzuia risasi zilizotengenezwa na kampuni binafsi pamoja na UNICOR katika gereza la Beaumont, Texas. Zilikuwa mbovu. Zaidi ya kofia 126,000 ziliondolewa kwenye matumizi na hasara ikapita dola milioni 19. Mteja aliyehakikishwa hatengenezi fundi mzuri. Mimi nasema kipaumbele kifutwe chote, washindane.

*

Asanteni wakuu wote wawili. Nianze na hili la kofia, maana linanisaidia. Ubora unadaiwa na mnunuzi mwenye haki ya kukataa mzigo, na mfanyakazi mwenye kitu cha kupoteza. Wa senti 23 kwa saa hana cha kupoteza.

Kuhusu hesabu: tangu 1979 kuna mpango wa serikali kuu huko huko Marekani unaoruhusu kampuni binafsi kuajiri wafungwa na kuuza bidhaa zao kuvuka mipaka ya majimbo, kwa sharti la kuwalipa ujira unaolingana na wa kazi hiyo hiyo eneo hilo. Makato yanaruhusiwa hadi asilimia 80: kodi, malazi, matunzo ya familia, fidia kwa waathirika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mshahara inarudi kwa watu wale wale mnaosema mnawatetea, yaani mlipakodi, mtoto aliyeachwa nyumbani na aliyeibiwa. Mpango huo ni mdogo, nakubali, na sehemu ya sababu ni kwamba mwenye kiwanda akilinganisha gharama anaona mlango wa pili, wa senti, uko wazi kwa shirika la serikali.

Hoja ya gereza kuwa na gharama za ziada ni ya kweli kabisa. Basi gharama ya ulinzi na kuhesabu watu iwekwe kwenye bajeti ya magereza, mahali pake, ionekane na Bunge liijadili. Leo imefichwa ndani ya bei ya kiti, na anayeilipa ni mfungwa kwa ujira asioupata. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015 zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela zinataka mfungwa alipwe ujira wa haki, na zinakataza maslahi yake kuwekwa chini ya faida ya kiwanda.

Mkuu uliyesema kiwanda kitafungwa, nijibu hili: gharama ya ulinzi ikiondolewa kwenye bei, na hadi asilimia 80 ya ujira ikirudi kwa serikali, familia na waathirika, ni kipi hasa kitakachokifunga?