Homoni za kunenepesha ng'ombe: faida inaishia kwa nani?

Wenzangu, kila tukigusa ufugaji wa nyama, hoja ni ileile: homoni za kukuza ng'ombe ni faida tupu kwa mfugaji, na anayezipinga hajui hesabu. Hesabu naikubali, ila imeishia njiani.

Kweli yake ni hii. Kidonge kidogo kinapachikwa chini ya ngozi ya sikio la maksai, upande wa nyuma, kinaachia homoni taratibu kwa miezi kadhaa. Maksai anaongezeka uzito haraka, na kila kilo anayoongeza inakula chakula pungufu kuliko kawaida. Gharama kubwa ya unenepeshaji ni chakula, kwa hiyo mfugaji wa kwanza kutumia kidonge anapata, tena vizuri.

Wa elfu moja je? Wote wakishapachika, nyama inajaa sokoni, bei inateremka, na ile nafuu ya chakula inahamia kwa mlaji. Mlaji ananufaika, sikatai. Mfugaji anarudi palepale, na sasa hata kuacha hawezi: akiacha peke yake, gharama zake zinapita bei. Mwenye zizi kubwa atahimili. Mdogo atauza mifugo.

Halafu kuna soko la nje, ambalo watetezi hulipita kimyakimya. Umoja wa Ulaya uliifungia mlango nyama ya homoni mwaka 1989. Marekani na Kanada zikashitaki, zikashinda katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 1998, Ulaya ikagoma kufungua. Mwaka 1999 Marekani ikatoza ushuru wa asilimia 100 kwa bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola milioni 116.8 kwa mwaka, jibini la Roquefort likiwemo. Jibini hilo ni la maziwa ya kondoo! Mfugaji wa kondoo Ufaransa akaadhibiwa mpakani kwa kidonge kilicho sikioni mwa ng'ombe ambaye hajapata kumwona. Gharama hiyo mmeiandika wapi?

Na suluhu ya 2009 ilikuja vipi? Ulaya ilitenga mgawo usiotozwa ushuru kwa nyama bora isiyo ya homoni. Waliopita mlango huo ni wafugaji ambao hawakupachika.

Sitaki homoni zipigwe marufuku. Nataka mtetezi mmoja anijibu: mwaka wa kumi, kila zizi likiwa linatumia, mwenye ng'ombe ishirini anabakiwa na nini mfukoni ambacho hakuwa nacho mwanzo?