Miezi 9, anatema uji wa dagaa: naomba ushauri
Shikamooni mama zangu, habari dada zangu. Niko Arua, Uganda, mwanangu wa kwanza ana miezi 9 na bado ananyonya. Juzi alipimwa mkono kwa ule utepe wa kupima utapiamlo: sentimita 12.2, rangi ya njano, yaani utapiamlo wa wastani. Muuguzi akaniambia nimpe kitobero, yaani viazi, maharagwe, karanga na dagaa wa kusaga (mukene), kisha nirudi baada ya wiki 2. Mama mkwe yeye anashikilia uji mtupu, eti samaki humchelewesha mtoto kusema! Nimetia kijiko cha dagaa kwenye uji. Anaonja, anakunja uso, anautema wote kifuani kwangu. Yai analipenda. Je, yai kila siku linatosha badala ya dagaa? Na harufu ya dagaa mnaipunguzaje?