Ninaonja divai nyekundu kwa mara ya kwanza, halafu naambiwa "Mpeni mtoto maji"!

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule mtaalamu wetu wa divai, ambaye nyote mnamfahamu na kwa hiyo sina haja ya kumtaja, amenidhalilisha usiku huu mbele ya watu wazima wenzangu. Chupa yenyewe ilikuwa Merlot ya bei nafuu, tena ya kifuniko cha kuzungusha, lakini aliifungua kwa madaha yasiyo na kifani, akaitikisa ndani ya glasi, akazamisha pua mpaka nikahofia kwamba tungelazimika kuitoa kwa winchi, kisha akatangaza kwamba anasikia harufu ya ngozi, tumbaku na mbao za mwerezi. Mimi nilipomeza funda langu la kwanza nilisema kwa unyenyekevu kwamba ina ukakasi na inakausha ulimi. Akaweka glasi chini, akawageukia wote, akasema: "Mpeni mtoto maji."

Mtoto! Mimi ninayemzidi kwa mvi! Watu walicheka hadi nikadhani dari litashuka, na mmoja wao, Mungu anamwona, akaenda kweli kuyaleta maji hayo.

Ukakasi ule unatokana na tanini, ambazo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kushikana na protini za mate, ndiyo maana ulimi hukosa utelezi. Kumbe nilisema kweli tupu! Yeye bingwa wa mwerezi alitunywesha divai iliyoshinda juu ya friji ikipata joto, ilhali nyekundu hunywewa ikiwa na nyuzijoto 16 hadi 18 hivi. Na aliyatamka yale maneno kwa upole, jambo ambalo ndilo linaloniua. "Mpeni mtoto maji."

Kizibo Mkaidi: Pole sana, mkuu. Je, maji uliyanywa?

Mleta uzi: Niliyanywa, lakini hiyo siyo hoja.

Kizibo Mkaidi: Basi mtoto alikuwa na kiu, na mwenzio alikuonea huruma.

Funda Moja: Huyo huyo alinikemea kwamba kushika glasi kwa tumbo badala ya shina kunaipasha divai joto, wakati yeye mwenyewe alikuwa akinywea kikombe cha plastiki.

Pua Ndefu: Msiwaamini hao wanusaji. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bordeaux, Ufaransa, ambamo wanafunzi 54 walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno yale yale ya divai nyekundu.

Mleta uzi: Asante! Sasa turudi kwenye suala la kuitwa mtoto.

Funda Moja: Kinachonikera mimi zaidi ni wanaodharau vifuniko vya kuzungusha, kana kwamba kizibo cha gome la mti ndicho kinacholeta ladha. Kizibo kibovu huiachia divai harufu ya karatasi iliyovunda, na bado wanakitetea!

Chupa Tupu: Ninyi mna bahati ya kuzozania vifuniko. Mimi niliazimisha kizibuo changu katika shughuli hiyo hiyo ya usiku huu, na hadi sasa hakuna aliyenirudishia.

Kizibo Mkaidi: Ni kile chenye mpini mwekundu?

Chupa Tupu: Ndicho! Umekiona wapi?

Kizibo Mkaidi: Nimeuliza tu.