Luwei ya moto, ya baridi au kichwa cha bata: nianze na ipi?

Mgeni_Shilin: Wakuu, habari za jioni. Nipo Taipei, Taiwan, wiki mbili, nimefikia karibu na soko la usiku la Shilin. Kila kona kuna luwei, vitafunwa vilivyochemshwa polepole kwenye mchuzi wa soya, sukari na viungo. Jana nilionja ya baridi: firigisi, mwani na tofu ngumu (maziwa ya soya yaliyogandishwa). Nzuri, ila chumvi ilitangulia. Ya moto inaishinda? Na kichwa cha bata kikoje?

MlaMwani: Ya moto, mkuu. Unashika kikapu na koleo, unachagua mwenyewe, muuzaji anakatakata na kutumbukiza kwenye sufuria inayotokota. Juu anaweka majani ya kitunguu, mboga iliyochachuliwa, na pilipili ukitaka. Chagua vinavyonyonya mchuzi: ngozi ya tofu, uyoga, kabichi, tambi. Ukijaza nyama tupu utakosa raha yake. Jaribu soko la usiku la Shida (ni jina la mtaa wa chuo kikuu, si taabu), pale wanafunzi wanapokula.

Binti_Kisauni: Mimi nabaki na ya baridi. Ikipoa, mdalasini na tangawizi vinakuwa vimeshaingia hadi ndani, na bawa la bata unalitafuna huku unatembea. Kaka Mgeni, kama u Mwislamu, tahadhari: sufuria ya moto ni moja kwa kila kitu, nguruwe akiwemo, na mchuzi mara nyingi hutiwa mvinyo wa mchele. Ile keki nyeusi ya mchele ina damu ya nguruwe au ya bata. Hata kwenye kibanda chenye herufi 素, yaani hakiuzi nyama, huwa nauliza kwanza habari ya mvinyo.

Msomi_Tainan: Kichwa cha bata ni cha huku kusini, Dongshan, wilaya ya jiji la Tainan. Kinachemshwa kwenye mchuzi mtamu, kisha kinazamishwa kwenye mafuta ya moto. Ngozi inakauka, utamu unabaki mifupani, unafyonza. Watu wa Tainan wanapenda sukari kwenye chakula kuliko wa Taipei. Miwa imelimwa huku tangu enzi za utawala wa Waholanzi. Kama mifupa inakuchosha, omba shingo au bawa.

Mgeni_Shilin: Dada Binti, umeniokoa, la mvinyo sikulijua kabisa. Leo natafuta kibanda cha 素, nitauliza kwanza, halafu ngozi ya tofu na uyoga, ya moto.

MlaMwani: Basi kesho panda treni ya mstari mwekundu hadi kituo cha mwisho, Tamsui. Kuna mayai ya chuma: yanachemshwa na kukaushwa tena na tena mpaka yanakuwa meusi, madogo, magumu kutafuna. Yale huliwa baridi, Binti atafurahi.