Eti "tulishinda" Juni 2024? Haya, toeni hati za mshahara tuhesabu

Wadau, nimechoka. Kila ikifika Juni 25 hapa Kenya, kuwakumbuka waliouawa wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, watu wanaweka bendera na mishumaa, halafu katikati ya rambirambi anajitokeza mjuaji mmoja: "Lakini tulishinda, mswada ulitupwa." Alishinda nani?

Hati yangu hii hapa. Niko stoo, Industrial Area, Nairobi, mshahara 40,000 kabla ya makato. Kabla ya 2023 nilikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 200 na NHIF (bima ya afya) 1,000, basi. Sasa soma: NSSF 2,400. SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF, 1,100. Tozo ya nyumba za bei nafuu 600. Hizo ni 4,100 na PAYE, kodi ya mapato, bado haijatia mkono. (Wewe unayekuja mbio kuniambia PAYE imeshuka kidogo kwa sababu makato hayo hayatozwi tena kodi, tulia, nimeshapiga hesabu. Bado napeleka nyumbani karibu 1,900 pungufu ya zamani, na mwenye nyumba hajapunguza kodi yake.) NSSF sawa, ni akiba, nitaikuta uzeeni nikijaliwa. Hiyo 600 ya nyumba ndiyo inanichoma roho. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema tozo hiyo inakiuka katiba. Machi 2024 ikarudi na sheria yake mpya, imevaa suti. Mimi napanga Kayole na funguo za hizo nyumba sijaziona.

Mmesahau upesi mswada wenyewe ulitaka nini. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye mkate. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Lengo lilikuwa kukusanya shilingi bilioni 346, IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) ikiwa mlangoni na madeni yakiwa shingoni. Februari mwaka huohuo tulikuwa tumekopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kulipa deni lingine lililokuwa linaiva Juni. Deni lalipwa kwa deni, na riba inatafutwa kwenye mkate wa mtoto.

Wabunge walijua. Juni 20 waliupitisha kusomwa mara ya pili, 204 kwa 115. Juni 25 mji mzima uko barabarani, wakarudi wakaupitisha tena, 195 kwa 106. Nilikuwa Moi Avenue. Vijana wadogo kabisa, dawa ya meno wamepaka chini ya macho kwa ajili ya vitoa machozi, simu mkono mmoja, chupa ya maji mkono mwingine, wanaimba "Zakayo shuka", Zakayo akiwa Rais Ruto, aliyepewa jina la mtoza ushuru wa Biblia. Jiwe sikuona mikononi mwao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano yale, bila kutaja waliotekwa. Juni 26 rais akasema hatii saini.

Hapo ndipo mnapokatia hadithi. Endeleeni basi. Julai hiyohiyo tozo ya kutengeneza barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya petroli na dizeli. Nani aliandamana kwa ajili ya tozo hiyo? Mimi sikumwona, tulikuwa tunazika. Desemba, watu wako safarini kwenda mashambani kwa Krismasi, ikapita sheria ya kurekebisha kodi iliyookota vipande vya mswada uleule uliotupwa. Oktoba SHIF ilikuwa tayari imeanza.

Na siasa je? Baraza la mawaziri lilivunjwa Julai 11, tukapiga vigelegele. Wiki mbili hazikuisha, ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, wakaingia kwa mlango wa mbele: Mbadi Hazina ya Taifa, Joho Madini, Wandayi Kawi, Oparanya Ushirika. Chama ambacho wabunge wake wengi walipiga kura ya LA! Wakaiita serikali jumuishi. Aliyejumuishwa ni nani, yule wa dawa ya meno? Oktoba naibu rais Gachagua akang'olewa, na leo naye anajiita mtetezi wetu. Damu ni ya vijana, viti ni vya wazee walewale.

Sikatai kwamba waliogopa. Mswada wa 2025 uliandikwa kwa tahadhari, walikwepa kupandisha viwango vikubwa vya kodi. Lakini woga wa mwaka mmoja haupunguzi deni. Sri Lanka walimfukuza rais wao Rajapaksa kabisa Julai 2022, wakaogelea kwenye bwawa lake, na Machi iliyofuata IMF ikaidhinisha mkopo wa dola bilioni 3 kwa masharti, kuongeza mapato ya kodi likiwemo. Januari 2024 VAT yao ikapanda kutoka 15 hadi 18. Kumfukuza mtu bila kugusa deni aliloacha ni kazi nusu. Kwa hiyo ninyi wa "Wantam" (Ruto muhula mmoja tu) mnaodhani uchaguzi wa 2027 itamaliza kila kitu, mgombea wenu amesema lolote kuhusu deni? Nimeuliza kwenye makundi matatu ya WhatsApp, nimejibiwa kwa stika.

Sitaki "pole ndugu" hapa chini. Nataka kila mtu aandike eneo bunge lake na mbunge wake alikuwa upande gani Juni 25, kwenye 195, kwenye 106, au alitoroka ukumbi. Kumbukumbu za Bunge ziko wazi, yeyote anasoma. Kama hujui wa kwako, nenda katafute kwanza ndiyo urudi kuniambia tulishinda.