Siku mbili Mji Mkongwe: tulale Shangani, Malindi au Kiponda?

mgeni_tanga: Asalaam aleikum. Tunakuja watu wanne, na mmoja ni mama yetu anayesumbuliwa na magoti. Tutafika Unguja kwa boti ya jioni. Tunataka kuona mji wenyewe, nyumba za kale, milango na soko. Pwani si muhimu. Wapi panatufaa?

Kipondani: Waaleikum salaam. Kwa mama, Shangani. Gari inafika mpaka karibu na mlango wa hoteli nyingi, na bustani ya Forodhani ni karibu. Kiponda ndiko kwenye mji hasa, lakini teksi itakushusheni Mizingani au Darajani, kisha mizigo ni ya kubeba vichochoroni. Mkishikilia Kiponda, mwambieni mwenye nyumba mapema akutafutieni hamali mwenye mkokoteni.

fundi_chokaa: Mtaa ni nusu ya jambo, nusu nyingine ni chumba. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimelazwa boriti za mikoko. Boriti hazivuki nafasi pana, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ghorofa ya chini zamani ilikuwa ghala na duka, haina hewa, na unyevu hupanda ukutani. Mkipewa chumba cha chini, pitisheni kiganja ukutani. Unga mweupe ukibaki mkononi, hiyo ni chumvi. Plasta ikiwa imetuna kama chapati, hapo pamepigwa saruji juu ya chokaa: saruji inazuia ukuta kupumua, maji yanabaki ndani na plasta inabanduka. Mtalala na harufu ya ukungu. Ombeni ghorofa ya kwanza: hewa ipo, na ngazi ni za mara moja tu. Ila ulizeni ngazi zikoje, maana nyingi zimesimama na vidato vyake ni virefu.

BintiMalindi: Malindi isiachwe jamani. Kutoka bandarini ni dakika chache kwa miguu, na bei mara nyingi ni nafuu kuliko Shangani. Ubaya wake ni kelele za bandari na soko la samaki alfajiri, basi chukueni chumba kisichotazama barabara. Jumba la Zahanati ya Kale liko hapo hapo, na roshani zake za mbao zilizochongwa mama atazitazama akiwa amesimama barabarani, bila ya kupanda popote.

Kipondani: Hapo nakubali. Kwa boti ya jioni Malindi ina faida.

mpenda_milango: Soko la Darajani nendeni saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jengo la soko ni la 1904. Toka hapo ingieni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa penye soko la watumwa baada ya kufungwa 1873. Hapo msipite mbio. Vyumba vya chini vina dari fupi sana, mama abaki juu kwenye sanamu za ukumbusho. Kisha Hurumzi na Kiponda kwa ajili ya milango: wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa kale wa Kiarabu, wenye upinde umeingiwa na Uhindi. Mkipotea msiitegemee simu, kuta ndefu zinaichanganya. Shikeni upande mmoja tu. Mtatokea baharini au barabara ya Darajani. Ijumaa maduka mengi hufungwa mchana kwa sala, na Ramadhani chakula cha mchana ni taabu kukipata.

mgeni_tanga: Ahsanteni sana. Na Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, tunaweza kuingia?

fundi_chokaa: Msiipangie. Sehemu ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na jumba likafungwa. Litazameni kutoka Forodhani, na badala yake ingieni Ngome Kongwe iliyo jirani. Uwanja wake ni tambarare.

BintiMalindi: Forodhani vyakula huanza baada ya Magharibi. Uliza bei kabla mshikaki haujawekwa motoni, kwa kila kimoja, na upate jibu moja la jumla. Pweza na kamba waliopangwa mezani tangu mapema hupashwa moto mara mbili tatu, waacheni. Chukueni kinachopikwa mbele yenu, mama mpatieni urojo na kiti.

mgeni_tanga: Basi ni Malindi, ghorofa ya kwanza, chumba cha uani. Leo napiga simu kuuliza habari za ngazi.